Kesi ya Shamba Lililopinda Jembe la Mtukufu

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani. Kama wewe unayo ramani inayoionyesha, ikunje uirudishe kabatini, tusije tukaitwa wote wawili kwenda kueleza. Mimi ni mpiga ngoma kubwa katika bendi ya wilaya, sina ugomvi na serikali yoyote, na yote nitakayosema hapa ni sifa.

Katika nchi hiyo watu walilima kwa jembe la mkono. Matrekta yalikuwepo, tena mengi, ila yalikuwa yameegeshwa kwenye nyua za wakubwa yakisubiri kuzinduliwa. Kwa hiyo jembe. Na majembe yalifuliwa humo humo nchini, katika Kiwanda cha Zana cha Taifa, jengo jeusi la moshi na makelele ambalo wageni wa heshima hawakupitishwa karibu nalo. Jembe la kiwanda kile lilikuwa zito, sura mbaya, rangi ya sufuria iliyounguzwa. Ukiligonga kwa kokoto lilikuwa linalia kama kengele ya kanisa. Kijana alilinunua akioa, akalima nalo mpaka wajukuu wakamkuta bado analima nalo.

Hicho ndicho kilichokiponza kiwanda. Waziri wa Zana na Fahari ya Taifa, Mheshimiwa Dakta Erasto Mgwassa, alisimama bungeni amevaa suti ya vipande vitatu, akasema kwa uchungu:

"Waheshimiwa, jembe lisilokufa ni adui wa uchumi! Mwananchi akinunua jembe mara moja maishani, kiwanda kitaishije? Hivi wenzetu walioendelea, mmewahi kusikia kitu chao kinadumu?"

Wabunge wakapiga meza kwa furaha. Meza moja ikavunjika mguu, maana ilikuwa mpya, na Waziri akaionyesha kwa kidole. "Mnaona? Ile tayari imeshaendelea."

Kiwanda kikafungwa wiki hiyo hiyo. Wafua vyuma wakapewa vyeti vya shukrani vyenye picha ya Waziri, na jengo likapakwa rangi ya waridi likawa ukumbi wa harusi. Ikaamuliwa kuanzia sasa majembe yatengenezwe ng'ambo, ambako, kwa maneno ya Waziri, mashine hufua chuma bila mtu kutoka jasho. Waziri alikuwa anachukia jasho la watu tangu utotoni.

* * *

Wenye kiwanda cha ng'ambo waliuliza swali la kistaarabu: mnataka jembe la namna gani? Tuleteeni moja la mfano.

Kwingine swali hilo lingejibiwa na yeyote aliyewahi kushika mpini. Kwetu, samahani, kwao, liliundiwa kamati. Kamati ilikaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, na mjumbe mmoja akapendekeza lichukuliwe jembe la mkulima lililoonekana barabarani wakati wanakuja. Wenzake walishtuka.

"Lile lenye matope? Tupeleke uchafu ng'ambo, watuonaje?"

"Basi tulioshe."

"Hata ukiliosha, limeshatumika."

Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba taifa lenye heshima zake hupeleka kilicho bora kuliko vyote. Na jembe lililokuwa bora kuliko vyote, nani asiyejua, lilikuwa jembe la Mtukufu.

Hapa inabidi nieleze. Mkuu wa nchi ile, anayeitwa Mtukufu Mlezi wa Taifa, hufungua msimu wa kilimo kila mwaka kwenye bustani ya Ikulu. Hutandikwa zulia jekundu, na juu ya zulia huwekwa sinia pana la udongo uliochekechwa, ukaanikwa, ukanyunyiziwa marashi. Mtukufu huupiga mara moja, bendi inapiga, na msimu unakuwa umefunguliwa. Kwa kazi hiyo alitengenezewa jembe na sonara. Lilikuwa la bati jembamba ili asichoke bega, limepakwa rangi ya fedha, mpini umevikwa mahameli mekundu, na nyuma lina tundu la kulitundika ukutani. Upande wa kushoto lilikuwa limebonyea kidogo, kwa sababu mwaka mmoja Mtukufu aliliangusha kwenye ngazi.

Jembe hilo likafungwa kwenye shuka jeupe, likakatiwa tiketi ya daraja la kwanza, likapelekwa ng'ambo Waziri akiwa amekaa kiti cha jirani. Inasemekana hata juisi liliagiziwa.

Sasa watu wa ng'ambo ni watu wa kazi. Ukiwaambia tengeneza kama hili, wanatengeneza kama hili. Meli zikaja zimejaa makreti. Makreti yakafunguliwa bandarini mbele ya Waziri, na macho ya watu yakaumia kwa mng'ao. Kila jembe lilikuwa na rangi ya fedha, kila mpini na mahameli yake mekundu, kila moja na tundu la ukutani, na kila moja, bila kukosea hata moja, limebonyea kidogo upande wa kushoto.

Hakuna aliyethubutu kuuliza habari ya kule kubonyea. Waziri mwenyewe ndiye aliyekusifia.

"Angalieni usahihi wa wenzetu! Wafua vyuma wetu, miaka yote ile, waliwahi kutupa majembe mawili yanayofanana?"

Ikatangazwa Operesheni Toa Kutu Pokea Nuru. Kila mkulima alipaswa kurudisha jembe lake la zamani na kupewa jipya. Waliosita walifuatwa nyumbani na malori ya polisi, na majembe yote ya zamani yakauzwa ng'ambo kama chuma chakavu. Kwa bei gani, na nani alipokea, mimi ni mpiga ngoma, sijui.

* * *

Katika kijiji cha Igunguli alikuwepo mjane mmoja aitwaye Mama Nyamizi. Nisimpambe: alikuwa mwanamke mgomvi. Aligombana na majirani, aligombana na mbuzi wa majirani, na mahubiri yakirefuka kanisani alikuwa anakohoa kwa makusudi mpaka mchungaji afunge. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani, shamba la udongo mwekundu kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, alilolima tangu akiwa mwari na akalea watoto wake wote kwa mahindi yake. Watoto wameshasambaa na maisha yao. Lililobaki ni shamba.

Na nchi ile ilikuwa na Sheria ya Ardhi Iliyolala. Shamba ambalo mvua ya kwanza italikuta halijalimwa huhesabiwa kuwa limelala, na shamba lililolala huchukuliwa na Wizara. Sheria ilitungwa zamani kuwatisha wavivu, na haikuwahi kumnyang'anya mtu shamba, kwa sababu watu walikuwa na majembe.

Msimu ulipokaribia, Mama Nyamizi alikwenda shambani na jembe lake jipya. Alipiga mara ya kwanza, jembe likapinda kama sikio la mbwa. Akalinyoosha kwa jiwe. Alipiga tena, likapinda upande wa pili. Akalinyoosha kwa mguu. Jua lilipofika utosini lilikuwa limejikunja kama chapati, na alichokuwa amechimba hakikutosha kufukia yai.

Shemeji yake Sumbuko, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa shamba la jirani amekaa chini. La kwake lilikuwa limeshachomoka kwenye mpini, na yeye alikuwa anatazama mpini.

"Shemeji," Mama Nyamizi akaita, "hili ni jembe au mwiko?"

"Punguza sauti, Mama Nyamizi. Hilo lina mahameli ya serikali."

"Mahameli nitalimia?"

"Mimi nakushauri tu. Tusubiri. Labda yatakomaa."

"Jembe linakomaa? Wewe ni mtu mzima, Sumbuko, una ndevu, unaniambia jembe linakomaa!"

Akalikunja lile jembe, likaingia vizuri tu kwenye mkoba, akaenda nalo wilayani kwa Afisa Kilimo. Afisa Kilimo alikuwa kijana mpole aliyepokea maelekezo kutoka juu, akayasoma yote bila kumtazama usoni. Jembe jipya halina kasoro. Wananchi ndio wanaopiga kwa nguvu za zamani. Jembe la kisasa linahitaji pigo la kisasa, la taratibu na adabu. Mkulima amwagie ardhi maji kwanza, aisubiri, kisha aiombe. Wizara imeshaunda Idara ya Kulainisha Ardhi, na mkurugenzi wake yuko ng'ambo masomoni.

"Maji yapi, mwanangu?" Mama Nyamizi akauliza. "Hapa si tunasubiri mvua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mvua ikinikuta sijalima?"

"Hapo Wizara inalichukua shamba. Lakini si kulichukua, mama. Tunalipumzisha."

Mama Nyamizi alitoka pale akasimama katikati ya gulio, siku ya gulio, akalinyanyua lile jembe juu kila mtu alione.

"Jamani, njooni muone! Hili hata uji halikorogi!"

Watu walicheka kwa namna ya watu wanaoogopa kucheka, wakiziba midomo kwa mikono. Kicheko kile kikasafiri kutoka gulio hadi gulio, kikaingia mji mkuu, kikapanda ngazi za Wizara.

* * *

Waziri Mgwassa hakukasirika. Alitabasamu, na waliomzoea walianza kutafuta uhamisho. Akaamuru kwamba mwaka huu Mtukufu atafungua msimu huko huko Igunguli, kwenye shamba la yule mama mwenye mdomo, ili taifa lifundishwe namna ya kushika jembe.

Nilikuwepo. Tulipangwa pembeni na ngoma zetu, jua linachoma, mahema ya wakubwa yamefunika nusu ya shamba. Zulia lilitandikwa kuanzia mlango wa gari. Sinia la udongo uliochekechwa lilikuwa njiani, lakini lori lililolibeba lilikwenda kijiji kingine, na kwa kuwa waliokuwa huko hawajawahi kuletewa kitu na serikali, waliupokea ule udongo kwa nderemo wakagawana.

Waziri alihutubia kwanza. "Ndugu wananchi! Kuna watu wanasema jembe letu ni laini. Mimi nawauliza: uongozi wetu je, ni laini? Basi jembe la uongozi litakuwaje laini?" Watu wakapiga makofi kwa sababu askari walikuwa wanatazama mikono. Akamtambulisha mgeni, injinia wa kile kiwanda cha ng'ambo, bwana mmoja mwembamba mwenye kofia, aliyejifunza Kiswahili kutoka kwenye kitabu.

Kisha Mtukufu akasimama, akatembea juu ya zulia mpaka lilipoishia. Akatazama chini. Akamwinamia msaidizi wake.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, Mtukufu. Ardhi."

"Mbona haijachekechwa?"

Kamera zilikuwa zinawaka. Basi akalinyanyua jembe, lile lile la sonara lililokuwa limerudi na ndege, akalishusha kwa nguvu zake zote za kiongozi. Jembe liligonga udongo wa Mama Nyamizi, likasita, likajikunja lote, ncha yake ikarudi juu ikamwelekea Mtukufu kifuani.

Walinzi wake walilenga bunduki kwenye jembe. Halafu, kwa kutojua nani hasa ni adui, wengine wakaruka wakalilalia shamba. Sisi bendi tulikuwa tumeambiwa tupige akishapiga, kwa hiyo tulipiga.

Tulipomaliza, yule injinia akasogelea kipaza sauti, akavua kofia.

"Samahani sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu. "Sisi kiwandani tulishangaa. Tulimuuliza Mheshimiwa Waziri: je, hili siyo pambo la ukutani? Mheshimiwa akasema hapana, ndilo jembe bora la nchi. Tukatengeneza yaliyo sawasawa. Hata mahali palipobonyea, tulipabonyeza. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote."

Waziri alikuwa ameshamfikia. "Mgeni wetu amechoka na safari!" akapiga kelele, akachomoa waya.

Sasa fikiria ugumu wa viongozi wale. Jembe limepinda, watu wote wameona. Ukisema jembe ni bovu, umesema jembe la Mtukufu ni bovu, na hilo ni kosa la jela. Ukisema Mtukufu hakupiga vizuri, ni kosa hilo hilo. Waziri alizunguka mara moja akitafuta mwenye hatia, akamkuta amelala chini yake, mwekundu, mkimya, hana wakili.

"Kamanda!" akasema. "Kamata hili shamba."

Polisi walilizungushia kamba. Askari mmoja mwenye bidii alilifunga pingu kwenye kisiki.

* * *

Kesi ilisikilizwa upesi, kitu ambacho ni cha kupongezwa. Mshtakiwa alikuwa mkubwa kuliko mlango wa mahakama, kwa hiyo walichota toroli moja la udongo wake wakaliweka kizimbani limwakilishe. Hakimu alisoma shtaka: kwamba wewe, shamba la Igunguli, kwa makusudi na kwa nia ovu, ulijifanya mgumu mbele ya Mtukufu Mlezi wa Taifa. Ni kweli au si kweli?

Toroli likanyamaza.

"Kiburi," hakimu akasema, akaandika.

Shahidi mkuu wa serikali alipaswa kuwa Mama Nyamizi. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshamfuata nyumbani na kumpangia maneno: aseme tu kwamba shamba lile ni korofi tangu zamani, na yeye mwenyewe limemsumbua miaka yote. Akisema hivyo ataachwa huru, atapewa cheti. Shamba lenyewe litataifishwa, lakini atatafutiwa mtu mzuri wa kumpa kibarua humo humo.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya siku ile. Sumbuko alimshika mkono mlangoni.

"Sema wanachotaka, shemeji. Shamba halina masikio, halitajua."

"Mimi nitajua."

"Watakufunga!"

"Niachie mkono wangu."

Akapanda kizimbani, akasimama kando ya toroli. Nilikaa mbali, lakini nilimwona akiushika ule udongo kidogo, akiusaga kati ya vidole. Hakimu akamwambia aeleze tabia ya mshtakiwa.

"Mheshimiwa hakimu, shamba hili nimekaa nalo kuliko nilivyokaa na mume wangu, na halijawahi kuninyima. Mume aliwahi."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Shahidi, jibu ulichoulizwa. Je, ardhi hii ni ngumu?"

"Ni ardhi, baba. Ulitaka iwe nini, maandazi? Mahindi unayokula wewe, na yule Waziri wako, na Mtukufu wenu, yametoka kwenye udongo kama huu huu, na hakuna aliyeubembeleza. Jembe lilikuwa linaingia. Mmetunyang'anya majembe, mmetupa mabati. Hilo ndilo nililoliona. Mtukufu alipiga kwa bati, bati likapinda. Hata angekuja malaika nalo lingepinda."

Niliogopa, nasema kweli. Lakini pia nilitamani kuwa na ngoma yangu pale.

Hakimu alijipangusa jasho, akatoa hukumu papo hapo. Shamba lina hatia ya ugumu. Shahidi amegeuka mshirika wake, tena amekashifu jembe la taifa hadharani. "Na kwa kuwa wawili hawa wameshirikiana kwa miaka mingi," akasema, akipandisha sauti kwa ajili ya waandishi, "mahakama haioni sababu ya kuwatenganisha. Wafungwe pamoja, msimu mmoja, na kazi ngumu!"

* * *

Shamba haliwezi kupelekwa gerezani. Ikabidi gereza liende shambani. Wakazungusha seng'enge, wakajenga kibanda cha mlinzi, wakabandika kibao chenye namba ya mfungwa, na Mama Nyamizi akaingizwa humo amevaa sare. Usimamizi akapewa Mkuu wa Magereza wa wilaya, Afande Ndimbo, mtu mwenye shingo nene na upendo mmoja tu maishani, nao ni hukumu itekelezwe neno kwa neno.

Afande huyu ndiye mtu pekee katika nchi nzima aliyekataa majembe mapya. Malori ya operesheni yalipofika kwake aliyafukuza kwa mbwa. Hakufanya hivyo kwa kuwapenda wakulima, msimpe sifa isiyo yake. Alisema: "Hukumu inasema kazi ngumu. Mfungwa akipewa bati, ngumu iko wapi? Atakaa kivulini anakunja na kukunjua. Huko ni kuhujumu adhabu." Wizara ikaipokea hoja hiyo, na ghala la magereza likabaki limejaa majembe meusi ya zamani, yale mazito.

Asubuhi ya kwanza akamtupia Mama Nyamizi moja miguuni.

"Mfungwa! Chukua hilo uteseke."

Mama Nyamizi aliliinua, akalipima uzito wake mikononi. Akapiga. Jembe likaingia mpaka shingoni, udongo ukapinduka, ukanuka ile harufu yake. Alikaa chini akalia. Afande aliridhika sana, akaandika kwenye taarifa yake kwamba adhabu imeanza kufanya kazi.

Kila siku alilima tangu jua linachomoza. Hakuna aliyemsukuma. Mlinzi alimwomba apumzike, akatukanwa. Mvua ya kwanza iliponyesha ilimkuta amesimama mwishoni mwa mteremko, na shamba lote nyuma yake limelimwa, limekaa tayari kwa mbegu.

Mvua hiyo hiyo iliwakuta wengine na mabati mikononi. Siku ya pili Wizara ilipita kijijini na vibao vilivyokwisha kuchapwa zamani, wino umekauka, vimeandikwa LIMEPUMZISHWA. Kwa Sumbuko kilipigwa cha kwanza. Alisimama akitazama, na alikuwa ndiye mtu mtiifu kuliko wote pale. Wiki haikuisha, nikaona matrekta yanateremka barabarani kutoka kwenye nyua za wakubwa, yamefungwa riboni, yanaingia kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Kampuni ilikuwa ya mke wa Waziri. Nilisema mwanzoni kwamba sina ugomvi na serikali yoyote. Basi siku hiyo nilipasua ngoma ya serikali kwa fimbo yangu mwenyewe, na nilipoulizwa nilisema ilikuwa mpya.

Vijiji vya juu mlimani, ambako mvua huchelewa, viliona yote hayo kwa macho yao. Watu wa huko si wasomi sana lakini hawakuhitaji kamati. Wakateremka wakapanga foleni kituo cha polisi.

"Nimekuja kukashifu jembe," akasema wa kwanza.

Askari wa zamu akakuna kichwa. "Shamba lako limehusika?"

"Limehusika sana, afande. Lenyewe ndilo lililoanza."

Foleni ikafika hadi barabarani. Waliokashifu kwa upole waliambiwa kosa halitoshi, wakarudi nyuma ya mstari kutafuta maneno makali zaidi. Msimu ule Magereza wakawa wakulima wakubwa kuliko wote nchini, na Waziri akatangaza redioni kwamba mavuno yamepanda kutokana na jembe jipya.

* * *

Mahindi ya Mama Nyamizi yalikuwa mazuri, mtu anapita katikati haonekani. Magereza waliyavuna yote. Yeye alipata ugali wake wa mfungwa, akaujua kwa ladha, akaula wote.

Siku kifungo kilipokwisha, Afande Ndimbo alisoma barua ya kuwaachia, yeye na shamba. Seng'enge ikakatwa. Afande akanyoosha mkono.

"Jembe."

Mama Nyamizi aliling'ang'ania kidogo, kisha akaliachia. Msaidizi wa Waziri alikuwepo na mpiga picha. Akamkabidhi zawadi ya serikali kwa raia aliyerekebika: jembe la rangi ya fedha, mpini wa mahameli mekundu, limebonyea upande wa kushoto. Picha ikapigwa.

Sumbuko alimsubiri na kanga safi. "Pole na kifungo, shemeji. Nyumbani tumepika. Twende."

"Tangulia. Mimi napita kituoni kwanza."

"Kituoni kufanya nini? Si wamekuachia? Wamekula mahindi yako yote, unataka wale tena?"

"Mahindi waache wale," Mama Nyamizi akasema. "Shamba hawali."

Tuliongozana naye mpaka kituoni, mimi na Sumbuko. Askari wa zamu alimwona anaingia na bati lake begani, akaweka kalamu chini.

"Mama, wewe tena? Umetoka asubuhi hii."

"Andika. Jembe la Mtukufu ni bati, na Waziri aliyelileta ni mwizi."

"Hilo la jembe tunaliandika, lina msimu mmoja." Askari akamsogelea, akashusha sauti kwa huruma. "Lakini hilo la mwizi liache, mama yangu. Hilo mtu anafungwa misimu kumi."

Mama Nyamizi akavuta benchi, akakaa.

"Basi anza na hilo," akasema.